Pointi 2,340 kwa gemu, maksi 5 kwa karatasi

Nimekuwa kimya wiki kadhaa na wengine wenu mmeniandikia mkiuliza kama nimeacha kutengeneza video. Sijaacha. Nilikuwa nimebanwa na mwanafunzi mmoja tu. Ni mdogo wangu, yuko Gredi ya 8, na hesabu ilikuwa imemlemea hadi tumbo likawa linamuuma kila asubuhi ya mtihani. Nikajiambia, si wewe ndiye unajiita mtu wa AI? Basi mtengenezee msichana kitu.

Nikamtengenezea, na kikafeli. Leo nataka niwaambie kilifeli aje, kwa sababu mtandaoni kila mtu anawaonyesha venye unaweza kutengeneza gemu ya kusoma kwa dakika tano ukitumia akili mnemba. Hiyo ni kweli, dakika tano zinatosha. Shida ni kwamba video huishia hapo, kabla mtoto hajapewa karatasi na kalamu.

Kwanza mjue hali ya nyumbani. Tuko Sindo, Homa Bay, kando ya ziwa. Ukitoka Mbita ukashika barabara ya Magunga utatupata njiani. Mathe anauza omena. Anainunua ufuoni alfajiri, anaianika juu ya nyavu kuukuu, kisha anaipima kwa gorogoro sokoni. Nyumbani kuna simu mbili: yangu, ambayo kioo kina ufa, na yake, kabambe ya kupiga na kupokea. Laptop niliiuza nilipoacha chuo. Kwa hivyo chochote ambacho ningetengeneza, ningekitengeneza kwa simu, kichezwe kwa simu hiyo hiyo, na bando la shilingi 50 litoshe.

Mdogo wangu hataki nitaje jina lake, na hata angetaka nisingelitaja. Kwenye gemu alijiita Kapteni. Basi tumwite hivyo.

Siku iliyoniuma alirudi na karatasi ya namba hasi na chanya. Maksi 5 kwa 20. Hakuniangalia usoni. Alisema tu, "Bro, mimi si mtu wa hesabu," akaenda kuosha vyombo. Hiyo sentensi naijua vizuri. Nilijiambia kitu kama hicho nikiwa chuo mwaka wa pili, na nitawaambia hapa chini ilinifikisha wapi.

Jioni hiyo nikafungua AI nikaandika hivi: nitengenezee gemu ya kufundisha namba hasi na chanya kwa msichana wa miaka 14 anayeishi kando ya Ziwa Victoria. Iwe na mashua, samaki, pointi na levo. Iwe faili moja inayofunguka kwa simu bila intaneti.

Hiyo ya faili moja mshike, itawasaidia. Ukiambia AI iweke kila kitu, yaani maandishi, rangi, michoro na programu yenyewe, ndani ya faili moja ya HTML, unaihifadhi kwa simu kisha unaifungua na kivinjari kama tovuti yoyote. Bando likiisha bado inacheza. Huhitaji kujua kuandika programu. Unahitaji kujua kusema unachotaka.

Na manze, ilitoka safi. Usawa wa maji ulikuwa sufuri. Ndege wakapaa juu kwenye mita chanya, samaki wakaogelea chini kwenye mita hasi. Unaulizwa swali, unachagua moja kati ya majibu matatu, ukipata wavu unashuka. Omena pointi 10, ngege 20, mbuta aliye chini kabisa pointi 50. Ukicheza siku tatu mfululizo unapewa mashua yenye injini. Nilirekodi video nikaiweka, mkaipenda. Kuna aliyeandika kwamba huu ndio mustakabali wa elimu Kenya. Nilijisikia mkubwa kuliko Mlima Gwassi.

Kapteni alicheza hadi betri ikaisha. Siku ya nne alikuwa na pointi 2,340 na mashua mbili za injini. Nikamwambia sawa, tupime. Nikatoa ile karatasi ya shule, nikanakili maswali yale yale 20 kwa karatasi safi, nikampa kalamu.

Maksi 5. Na alikosa maswali yale yale.

Nilifikiri ananichezea. Nikakaa nyuma yake nikamwangalia akicheza, kitu ambacho nilipaswa kufanya siku ya kwanza. Hakuwa anasoma maswali. Alikuwa anabonyeza. Akikosa, gemu inasema "jaribu tena" na hapotezi kitu, kwa hivyo anabonyeza jingine. Nikamuuliza anajuaje jibu. "Sijui. Naanza na la katikati. Mara nyingi ni la katikati." Nikaangalia, na ni kweli, AI ilikuwa imeweka majibu mengi sahihi katikati. Mtoto aliyejiita si mtu wa hesabu alikuwa amegundua takwimu za gemu yangu kwa siku nne. Alijifunza gemu. Namba hasi zilibaki pale pale.

Mathe alipita na beseni lake akatuangalia. "Hiyo simu inamfundisha ama inamchezesha?"

Sikuwa na jibu la kumpa.

Sasa niwaambie ile ya chuo. Huwa mkiniuliza kwa nini niliacha, nasema karo. Karo ilikuwa shida kweli, siwadanganyi. Lakini kuna nusu nyingine sijawahi kuisema hapa. ChatGPT ilitoka Novemba 2022. Mimi nilipozoea maisha ya chuo, kila mtu kwenye hosteli alikuwa anaitumia, na mimi nikawa bingwa. Kila kazi tuliyopewa niliingiza swali, nikatoa jibu, nikabadilisha maneno mawili matatu, nikawasilisha. Maksi zilikuwa juu. Nilikuwa nafanyia wenzangu pia, kwa soo mbili kila kazi. Halafu mtihani ukafika, simu ikabaki nje ya mlango, na mimi nikakaa na karatasi tupu kwa saa nzima. Nilikuwa nimesoma majibu mengi sana semista hiyo na sikuweza kutoa hata moja peke yangu. Nilirudia mitihani mitatu, nikafeli miwili, deni la karo likaongezeka juu yake, nikafunga begi. Sikuwa mjinga. Nilikuwa nimekusanya pointi 2,340.

Baadaye nilikutana na utafiti uliofanywa kwa wanafunzi karibu 1,000 wa sekondari nchini Uturuki, ukachapishwa 2025. Waliwagawa makundi matatu katika somo la hesabu. Kundi moja halikupewa AI. Kundi la pili lilipewa chatbot ya kawaida ya kuuliza na kujibiwa. Kundi la tatu lilipewa iliyopangwa kutoa vidokezo bila kumwaga jibu. Wakati wa mazoezi, kundi la pili lilifanya vizuri kwa asilimia 48 kuliko wasio na AI. Kisha wakanyang'anywa wakafanya mtihani. Kundi hilo likaanguka asilimia 17 chini ya wale ambao hawakuwahi kupewa chochote. Kundi la vidokezo halikupata hasara hiyo.

Nilisoma hizo namba mara mbili. Nilikuwa naona chuo changu kwa jedwali la watu wengine.

Kwa hivyo usiniambie AI ni mbaya kwa masomo, na usiniambie ni nzuri. Swali ni inafanya nini wakati umekwama: inakubeba, ama inakusubiri?

Na hii kitu ya kusoma kwa simu kama mchezo haikuanza na AI, wala haikuanza mbali na sisi. Eneza Education, waliotuletea Shupavu291, walikuwa wanatuma masomo na maswali kwa SMS kwenye simu za mulika mwizi kabla wengi wetu hatujashika simu ya skrini. Mmoja wa waanzilishi wake, Toni Maraviglia, alikuwa amefanya kazi Muhuru Bay, hapo Migori, ufuo ule ule wa ziwa letu. M-Shule ya Nairobi nayo ikaingiza AI ndani ya SMS, mtoto atumiwe swali linalolingana na kiwango chake. Hakukuwa na mashua wala beji, ni maandishi tu. Kilichobadilika sasa ni kwamba zamani ulihitaji kampuni nzima ili utengeneze kitu kama hicho, na leo kaka mtu aliyeacha chuo anaweza kumtengenezea mtoto mmoja nyumbani. Hiyo ndiyo nguvu mpya. Lakini ina mtego, na mimi niliingia ndani yake na miguu yote miwili.

Mtego ni hili neno "ya kwako binafsi". Nilidhani gemu imekuwa ya Kapteni kwa sababu ina ziwa, mbuta na jina lake juu ya skrini. Hayo ni mapambo. AI haikumjua Kapteni. Ilisikia neno "ziwa" ikatupa ziwa. Mtoto wa Dunga ama wa Mwanza angepata gemu hiyo hiyo.

Kitu pekee kilichokuwa cha Kapteni kabisa kilikuwa ndani ya daftari lake, na sikuwa nimelifungua.

Nikalifungua Jumamosi. Nikaandika makosa yake yote upande mmoja. Ipi kubwa, hasi 8 au hasi 3? Aliandika hasi 8. Hasi 8 kuongeza 3? Aliandika hasi 11. Hasi 2 kutoa 6? Hasi 4. Tatu kutoa hasi 5? Hasi 2. Ukitazama haraka unaona mtoto anayekisia. Ukikaa nayo unaona hakisii hata kidogo. Anaifunika alama ya hasi na kidole, anafanya hesabu na namba zilizobaki, akimaliza anarudisha alama kwa heshima. Nane na tatu ni kumi na moja, weka hasi. Sita toa mbili ni nne, weka hasi. Makosa 15, lakini kosa lilikuwa moja.

Hapo ndipo nilipoona aibu ya gemu yangu. Samaki wa mita hasi 8 alikuwa na pointi nyingi kuliko wa hasi 3. Kadiri unavyoshuka ndivyo unavyolipwa. Yaani nilichukua kosa la mtoto, nikalichorea mashua, kisha nikaanza kumlipa kwa kulirudia.

Dawa ilitoka kwa Mathe, ingawa yeye hajui. Mathe ana daftari la madeni. Wateja wanachukua omena leo, wanalipa mwisho wa wiki, wengine hawalipi. Jioni macho yake yakichoka, Kapteni ndiye anaandika. Jioni hiyo nikamsikia Mathe akisema, "Yule alikuwa na deni la 300. Amelipa 200, halafu amechukua ya 150." Kapteni akaandika bila kuinua kichwa: 250.

Nikasimama. Hiyo ni hasi 300, ongeza 200, toa 150. Huyu mtoto anafanya namba hasi kila jioni, miaka miwili sasa, na hakosi.

Nikamuuliza, "Kapteni, anayedaiwa 800 na anayedaiwa 300, nani ana pesa kidogo zaidi?"

"Wa 800. Si hata akipata 500 bado hana kitu."

"Sawa. Hasi 800 na hasi 300, ipi ndogo?"

Akaniangalia. Akaangalia daftari. "Wacha," akasema. Halafu kimya kirefu. "Kwa hivyo hiyo alama ni deni?"

"Na Mathe akifuta deni lako la 500, umepoteza ama umepata?"

"Nimepata 500." Akacheka. "Ndio maana kutoa hasi inakuwa kuongeza! Sasa kwa nini hawakusema hivyo?"

Labda walisema, sijui. Darasani wako wengi, na mwalimu mmoja hawezi kukaa Jumamosi nzima na daftari la mtoto mmoja. Mimi naweza. Wewe pia unaweza, kama nyumbani kuna mtu mdogo kwako.

Baada ya hapo ndipo nikarudi kwa AI, na maagizo yalibadilika kabisa. Nayaweka hapa kama nilivyoyaandika, myachukue:

"Mwanafunzi anapuuza alama ya hasi anapohesabu, kisha anairudisha mwishoni. Anaelewa madeni ya sokoni vizuri sana. Tengeneza gemu ambapo ana kibanda cha omena na daftari la wateja. Maswali yaanze na hadithi ya deni, kisha hadithi ipungue polepole hadi abaki na namba tupu. Asichague jibu, aandike mwenyewe. Kabla ya kuandika, aseme kwanza jibu litakuwa deni ama pesa mkononi. Akikosa usimpe jibu. Mwonyeshe hatua moja, kisha mrudishie swali. Swali alilokosa lirudi kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Hakuna pointi za kubonyeza."

Kuna mtu atasema, sasa gemu iko wapi hapo? Nilijiuliza pia. Halafu nikakumbuka ajua, ule mchezo wa mashimo na kokoto ambao wazee huku kwetu hucheza chini ya mti, na watu wa Pwani wana bao lao. Ajua haikupi beji kwa kuhesabu. Kuhesabu ndio mchezo wenyewe. Ukikosea hesabu ya kokoto mwenzako anakula shamba lako, basi. Gemu yangu ya kwanza ilikuwa na mchezo upande huu na hesabu upande ule, na mtoto mwenye akili ataruka hesabu aende kwa mchezo. Gemu ya pili ilibidi utamu ukae ndani ya kufikiri.

Kwa hivyo tukaweka mteja mjanja. Anakuja kibandani anasema, "Mimi deni langu ni 100 tu," na daftari linaonyesha vingine. Lazima umwonyeshe hatua kwa hatua kwamba ni 250. Ukikosea hatua moja, anaondoka na omena yako akicheka. Kapteni alimchukia huyo mteja kwa moyo wote. Alikuwa anarudi kwa gemu ili amshike. Mathe akaanza kusimama nyuma yake akisema, "Huyo namjua, huyo yuko pale sokoni." Ndiyo mara ya kwanza nimeona Mathe akiangalia simu yangu bila kununa.

Sitaki mdhani mambo yalienda mteremko. AI inakosea, na inakosea kwa kujiamini. Kabla sijampa Kapteni nilicheza maswali yote 40 mwenyewe na kalamu mkononi, na matatu yalikuwa na majibu yasiyo sahihi. Jingine lilikataa jibu la kweli kwa sababu tu aliacha nafasi kabla ya alama ya kutoa. Hebu fikiria mtoto ambaye tayari anaamini si mtu wa hesabu, anapata jibu sahihi, simu inamwambia amekosa. Hilo ni kosa baya kuliko kukosa gemu kabisa. Nilijaribu pia mteja mjanja aongee Dholuo. Mathe alisoma akauliza kama mteja ametoka hospitali. Tukarudi kwa Kiswahili.

Halafu siku moja nikasafisha simu ipate nafasi ya video, nikafuta kumbukumbu za kivinjari, na rekodi zote za wiki mbili zikaenda. Kapteni hakuniongelesha hadi kesho yake. Tangu hapo maswali anayokosa tunayaandika kwa vipande vya katoni. Tuna masanduku matatu ya viatu: la kila siku, la siku tatu, la wiki. Ukipata, kadi inasonga mbele. Ukikosa, inarudi mwanzo. Si akili yangu hiyo. Mwandishi wa Kijerumani, Sebastian Leitner, aliieleza miaka ya 1970, na apu nyingi za kukariri zimejengwa juu ya wazo hilo. Stima zikipotea, masanduku yanaendelea kufanya kazi.

Jambo lingine dogo lakini zito: sikuweka jina lake, shule yake wala picha ya daftari lenye jina kwenye AI. Akaunti ni yangu, maagizo naandika mimi. Ukitengenezea mtoto kitu, makosa yake yaingie, utambulisho wake ubaki nyumbani.

Wiki nne baadaye mwalimu aliwapa mtihani mwingine. Kapteni alipata 14 kwa 20. Tumbo bado lilimuuma asubuhi hiyo, lakini alienda. Siwezi kuapa kwamba ni gemu iliyofanya hivyo. Inaweza kuwa daftari la Mathe, ama zile jioni tulizokaa watatu, ama ni kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu alimwambia makosa yako 15 ni kosa moja. Nadhani hilo la mwisho lilimsaidia kuliko yote. Kosa moja unaweza kupigana nalo. Kuwa "si mtu wa hesabu" huwezi.

Na mimi pia kuna kitu kilinirudia. Nimeanza kusoma tena, pole pole, yale masomo mawili niliyofeli. Naiambia AI iniulize na isinijibu. Inauma, kusema kweli. Kuna jioni nakaa na swali moja nusu saa, kidole kinawasha kuandika "nipe jibu". Sijui kama nitarudi chuo. Ila nataka kujua kama ninaweza kuingia chumba cha mtihani simu ikiwa nje nikatoka na kitu changu.

Kwa hivyo ombi langu kwako wewe uliye Kisumu, Nairobi, Mombasa, una mdogo wako, ama ni wewe mwenyewe umekwama. Kabla hujafungua AI, fungua daftari. Andika makosa kumi. Kaa nayo hadi uone yanafanana wapi. Tafuta mahali ambapo huyo mtu tayari anafanya kitu hicho bila kujua, iwe ni duka, mpira, matatu ama kusuka nywele. Ndipo uiambie mashine ikujengee. Ukianza na mashine utapata mashua nzuri sana.

Nimalizie na Kapteni. Juzi alikuja akiwa ameshika simu, amefungua ile gemu ya kwanza ya mashua, ambayo nilidhani nimeifuta. Akaniambia ina makosa. Nikamuuliza wapi. Akasema wamefundishwa kwamba uso wa ziwa letu uko kama mita 1,134 juu ya bahari, na kina chake hakizidi sana mita 80. "Kwa hivyo hata chini kabisa, pale kwa mbuta wako wa pointi 50, bado ni zaidi ya mita elfu moja juu ya bahari. Si hasi. Ni hasi kwa sababu wewe uliweka sufuri kwa maji."

Nikamwambia ni kweli, sufuri mtu huiweka.

"Basi leta simu," akasema, "ya sehemu nitaandika maagizo mwenyewe."

Saa hii anaandika. Amenikataza kuangalia.